Mwiko wa Wanawake Arobaini

Hapo zamani, wala si ile zamani ya fisi kuvaa kanzu. Ni zamani ya juzijuzi, simu za mkononi zimeshajaa na watu wameshazoea kuongea peke yao barabarani. Sogeeni karibu. Mwenye haraka aondoke sasa, maana mwishoni nitawauliza swali, na sipendi mtu aniambie kwamba hakusikia mwanzo.

Palikuwa na hospitali ya chuo kikuu katika mji mmoja wa milimani, mji wa baridi, ambako mwezi wa saba watu huagiza chai ili wapate kushika kikombe. Mwisho wa korido ya hospitali hiyo palikuwa na chumba kidogo, na mlangoni pamebandikwa karatasi: UTAFITI WA MAUMIVU. Humo walifanya kazi watu wawili, ingawa kwenye barua zote waliitwa timu.

Wa kwanza alikuwa Profesa Lwitiko Mwandenga, daktari wa wanawake. Alikuwa mpole na mwenye adabu kupita kiasi. Akikutana na paka mlangoni, alimpisha. Wa pili alikuwa Sista Sikudhani, nesi aliyeletwa na uhamisho kutoka Tanga, mwanamke wa maneno mengi na sweta mbili, moja juu ya nyingine.

Ugonjwa waliokuwa wakiuchunguza una jina refu, endometriosisi. Nitaueleza mara moja tu, msinirudishe nyuma. Ndani ya mfuko wa uzazi kuna utando unaotoka kila mwezi kwa hedhi. Kwa wanawake wengine, utando unaofanana na huo huota pasipo mahali pake, nje ya mfuko, kwenye mirija, hata kwenye utumbo. Mwezi ukifika nao huvuja damu, na damu hiyo haina pa kutokea. Maumivu yake si yale ya kunywa maji ya moto yakaisha. Humlaza mtu sakafuni. Na bado mwanamke mwenye ugonjwa huo huambiwa, miaka nenda miaka rudi, kwamba hayo ni mambo ya kawaida ya wanawake, avumilie, akizaa yatakwisha.

Profesa hakuyapenda maneno hayo. Akaandikisha wanawake arobaini. Mpango ulikuwa hivi: kwa miaka miwili Sista Sikudhani awapigie simu kila asubuhi, awaulize maumivu yao, aandike namba. Sifuri ni hakuna maumivu. Kumi ni maumivu yasiyosemeka. Kama namba zingeonyesha kweli wanaumia, hospitali ingewafungulia kliniki yao, na ingewafanyia ule upasuaji wa matundu madogo wa kuuondoa utando. Kama namba zisingeonyesha, basi, kila mtu akanywe vidonge vyake nyumbani.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingilia.

Profesa alilelewa na bibi yake, na bibi yake alimfundisha kwamba mtu haulizwi shida kabla hajasalimiwa. Kwa hiyo alipoandika fomu ya maswali, aliyapanga kwa heshima. La kwanza, habari za asubuhi. La pili, habari za nyumbani. La tatu, habari za maumivu. Kamati ya utafiti ikaisoma fomu, ikaipenda, ikaigonga muhuri. Na fomu ikishagongwa muhuri, haruhusiwi mtu kubadilisha hata nukta.

Sista Sikudhani akapiga simu. Habari za asubuhi? Nzuri. Habari za nyumbani? Nzuri. Habari za maumivu? Nzuri tu, tunamshukuru Mungu. Akaandika sifuri.

Akampigia wa pili. Habari za asubuhi? Nzuri. Habari za nyumbani? Nzuri. Habari za maumivu? Nzuri, sijui nyinyi huko kazini. Akaandika sifuri.

Akampigia wa tatu. Huyu alikuwa amelala sakafuni, ameng'ata pindo la kitenge, simu kaishika kwa mkono mmoja na mguu wa meza kwa mkono wa pili. Habari za maumivu? Akavuta pumzi, akasema nzuri kidogo. Sista akafikiri sana, akaandika moja.

Nasikia mnacheka. Wewe hapo uliyecheka zaidi, juzi jino lilipokuuma na shavu limevimba kama andazi, nilikusalimu. Ulinijibu nini? Haya, tuendelee.

Miongoni mwa wale arobaini alikuwamo Tumpe. Alikuwa fundi cherehani, mwenye mkono mzuri wa kukata nguo, ameolewa na fundi pikipiki aitwaye Gwakisa. Waliishi nyumbani kwa mama yake Gwakisa, nyumba ya watu tisa. Kazi nyingine za nyumba hiyo waligawana, lakini ugali wa jioni ulikuwa wa Tumpe.

Ugali wa watu tisa si mchezo. Unataka mgongo, unataka mabega, na zaidi ya yote unataka tumbo lililotulia. Siku njema Tumpe alisonga, akapakua, akasugua na sufuria. Siku nyingine alisonga kidogo, akaketi, akasonga tena. Siku nyingine mwiko ulimtoka mkononi, akajikunja pale pale kwenye sakafu ya jiko, na mama mkwe wake akamalizia. Na zilikuwako siku ambazo hakufika jikoni kabisa.

Mama Gwakisa hakuwa mtu wa kutisha, msije mkaniletea picha ya mchawi. Alikuwa mjane aliyelea watoto watano kwa kulima viazi. Siku aliyomzaa Gwakisa alisonga ugali uchungu ukiwa umeshamshika, akawapakulia watu, ndipo akaenda kujifungua. Hadithi hiyo aliisimulia kila Krismasi na kila Pasaka, na katikati ya sikukuu hizo akiona mtu amekaa vibaya. Mwanamke wa namna hiyo, ukimwambia kwamba tumbo la hedhi limekuzuia kusonga ugali, anakuangalia tu. Alimwona Tumpe mvivu, na alimwambia mwanawe hivyo, mara nyingi. Na kila alipomaliza kuusonga ugali ulioachwa, alichukua kipande cha mkaa akaenda ukutani. Alichokuwa akifanya huko ukutani tutakifikia.

Na Gwakisa mwenyewe? Gwakisa alimpenda mkewe, hilo halina ubishi. Alimnunulia vidonge, alimpeleka hospitali kwa pikipiki, polepole, akikwepa mashimo. Alikula ugali kila jioni kwa miaka sita. Hakuwahi kuuliza ni nani aliyemaliza kuusonga.

Miaka miwili ikaisha. Kamati ya utafiti ikazijumlisha namba za wale arobaini, na mwenyekiti wake akamwandikia Profesa barua fupi. Barua ilisema kwamba wanawake hawa, kwa mujibu wa fomu zako mwenyewe, hawaumwi. Alhamisi kamati itakaa kuufunga utafiti rasmi, na mgonjwa mmoja anaweza kuja kuwawakilisha wenzake. Wakamchagua Tumpe, kwa sababu alikaa karibu na hospitali.

Jumanne jioni Tumpe akayaeleza hayo nyumbani, watu wote wamezunguka sinia. Mama Gwakisa akanawa mikono, akakausha kidole kimoja kimoja, akasema, "Vizuri. Alhamisi hospitali ikitoa karatasi kwamba haumwi, basi haumwi. Na kama haumwi, Gwakisa, mke huyu umrudishe kwao."

Watu wakamwangalia Gwakisa. Gwakisa akaiangalia mboga. Akamega tonge, na Tumpe akajua kwamba Alhamisi angepoteza upasuaji wake na nyumba yake kwa karatasi moja.

Jumatano saa nne asubuhi Mama Gwakisa akavaa kitenge cha kanisani, akaweka vitu viwili vilivyoviringishwa ndani ya mfuko, akaenda hospitali kwa miguu. Alikuwa na hasira ya kupanda kilima bila kupumzika. Watu hao wa hospitali, alijiambia, ndio waliomfundisha mkwe wake kujilaza; leo atawaletea ushahidi, wasije kesho wakaona haya wakabadili maneno. Akaisukuma milango, akaingia chumba cha mwisho wa korido bila kubisha hodi.

Sista Sikudhani akainuka. Akamwamkia shikamoo, akapewa marahaba. Akamuuliza, kama inavyopasa, habari za nyumbani.

"Nzuri tu, mwanangu," akasema Mama Gwakisa. "Nzuri kabisa."

Kisha akafunguka. Akasema mwanawe ameharibikiwa, nyumba haikaliki, mkwe ni mzigo, hospitali inafuga wavivu, na yeye mwenyewe hajalala vizuri tangu mwaka juzi, na ushahidi ameuleta. Alisema robo saa nzima bila kumeza mate.

Sista Sikudhani hakusikia hata nusu ya maneno hayo. Alikuwa amebaki kule mwanzo. Huyu mama ameingia kwa hasira bila hata hodi, nikamuuliza habari, akaniambia nzuri kabisa. Nisingemngoja aendelee, ningeandika sifuri. Sista akazitazama fomu zilizojaa kabati. Miaka miwili ya asubuhi, wanawake arobaini, nzuri, nzuri, nzuri. Aliyekuwa akiuliza ni yeye. Aliyekuwa akiandika sifuri ni yeye. Akajisikia vibaya, akaketi.

"Mama," akasema, "umesema umeleta ushahidi."

Mama Gwakisa akatoa vile vitu viwili, akavikunjua mezani. Zilikuwa kalenda mbili za ukutani, zile zinazogawiwa na kanisa, za mwaka juzi na mwaka jana. Zilikuwa zimeingia moshi, na kila mwezi ulikuwa na alama za mkaa.

Akazieleza kwa fahari. Alama moja: amesonga akaketi, akaendelea. Alama mbili: ameacha mwiko, mimi nimemalizia. Alama tatu: hakuja jikoni. Siku isiyo na alama ni siku aliyosonga mpaka mwisho, na Mama Gwakisa hakumwonea siku hizo, maana yeye si mwongo. Siku chache zilikuwa na duara. Sista akauliza duara ni nini. Akajibiwa kwamba siku hizo alikuwa msibani, hakuona kwa macho yake, na asichokiona hakiandiki.

Nawaambia ukweli, hakuna mtu katika chuo kile aliyekuwa amewahi kutunza kumbukumbu kwa uaminifu wa namna hiyo. Fomu za Profesa zilikuwa na madoa ya chai. Mwezi mmoja mzima wa fomu ulikuwa umeliwa na panya. Kalenda za Mama Gwakisa hazikukosa siku hata moja, na zote ziliandikwa kwa chuki.

Sista akaenda kumwita Profesa. Profesa akaja, akampisha Mama Gwakisa kiti ambacho tayari alikuwa amekikalia, akainamia meza. Sista akachukua fomu za Tumpe, akaanza kusoma, na Profesa akifuata kwenye kalenda kwa kidole.

Tarehe tisa Machi, fomu inasema nini? Sifuri. Kalenda? Alama tatu.

Tarehe kumi Machi, fomu? Sifuri. Kalenda? Alama tatu.

Tarehe sita Aprili, fomu? Sifuri, na tunamshukuru Mungu. Kalenda? Alama tatu.

Mwezi baada ya mwezi alama zilipanda, zikafika tatu, zikashuka, zikapotea, zikarudi, kila baada ya siku ishirini na saba au ishirini na nane. Mvivu gani anayefuata hesabu hiyo kwa miaka miwili bila kukosea? Profesa akavua miwani. Mama Gwakisa akawatazama mmoja mmoja, na taratibu akaanza kuelewa kwamba ushahidi wake umegeuka mezani.

Sasa hapo Profesa alikuwa na njia mbili. Angeweza kusema kwamba simu zilikuwa mbovu, au kwamba wanawake walidanganya, na jina lake lingebaki safi. Kwa miaka ishirini alikuwa akifundisha madaktari namna ya kumuuliza mgonjwa. Kitabu cha somo hilo alikiandika yeye. Akaenda ofisini kwake akafunga mlango, na Sista anasema alimsikia akitembea humo ndani mpaka adhana ya alasiri.

Alhamisi ikafika. Kamati ikakaa, watu saba, maji ya chupa mezani. Profesa akazitandaza kalenda mezani, akasimama akasema, mbele ya wanafunzi wake wa zamani watatu, kwamba swali lilikuwa lake, na swali lilikuwa baya. Nimewasalimu wagonjwa kwa miaka miwili, akasema, nikaziita salamu zao utafiti.

Mwenyekiti hakuridhika. Alikuwa mtu wa taratibu. Akasema kalenda ya jikoni haina muhuri, na ya kwamba swali halikuwa na kosa, maana mtu anayeumwa kweli akiulizwa atasema. Ili kulithibitisha hilo akamgeukia Tumpe, aliyekuwa ameketi karibu na mlango. Siku hiyo ilikuwa ya alama tatu. Alikuja amejishikilia ukutani, korido nzima.

"Habari za asubuhi, mama?" akauliza mwenyekiti kwa upole.

"Mbaya," akasema Tumpe.

Ndugu zangu, sijui kama mmewahi kuona watu saba wenye digrii wakikosa la kusema. Mwenyekiti alikuwa ameshaandaa kinywa kusema tunamshukuru Mungu, kikabaki wazi. Kalamu ya katibu ikasimama hewani. Hapakuwa na mtu chumbani aliyejua neno linalofuata, kwa sababu tangu wazaliwe hawakuwahi kulifikia. Mama mmoja wa kamati akamtazama Tumpe kwa mshangao, kama amevua kiatu akakiweka mezani.

Tumpe mwenyewe machozi yalimtoka, si kwa maumivu tu, bali kwa aibu ya kuwajibu wakubwa namna ile. Akakaza meno akasema, "Mbaya. Jana ilikuwa mbaya. Kila mwezi ni mbaya. Sista aliponipigia nilimwambia nzuri kwa sababu alinisalimu. Mngetaka nimjibu nini mtu aliyenisalimu?"

Mwenyekiti akafunga kinywa. Akayatazama maji yake, akazitazama kalenda, na mwisho akauliza kama zingeweza kupigwa muhuri.

Utafiti haukufungwa. Fomu ikaandikwa upya, na swali la kwanza likawa hili: Jana jioni, kwenu, ugali alisonga nani? Hakuna mwanamke anayejibu swali hilo kwa neno nzuri. Mmoja alijibu, mwanangu wa darasa la nne. Mmoja alijibu, jirani, Mungu ambariki. Mmoja alijibu, hakuna, tulikula mkate. Baada ya miezi mitatu namba zilizungumza, na kliniki ikafunguliwa. Wa kwanza kufanyiwa upasuaji alikuwa Tumpe. Walikuta ule utando umeshika nyuma ya mfuko wa uzazi na kwenye utumbo, wakaondoa kiasi walichoweza. Hakupona kama watu wanavyopona kwenye hadithi. Ila siku za alama tatu zilipungua zikawa za alama moja, na akarudi cherehani. Hakuna tena aliyesema habari za kumrudisha kwao.

Sasa tunafika nilikokuwa nawapeleka.

Wale wanawake arobaini wakakubaliana kutoa shukrani. Wakamwendea mchongaji, akawachongea mwiko wa mpingo, mweusi, unang'aa, na kwenye mpini akaacha nafasi ya jina moja. Mtu mmoja, walisema, yule aliyefanya tukaaminiwa. Wakakutana kliniki siku ya Jumamosi mchana, kwa chai na maandazi. Profesa alikuwapo, Sista alikuwapo, Tumpe alikuwapo. Gwakisa alikaa nyuma. Mama Gwakisa alikuwapo pia, karibu na mlango, na hakuna aliyekumbuka kumwalika.

Profesa akasimama wa kwanza. Akasema mwiko ni wa Sista Sikudhani, maana bila sikio lake kosa lisingejulikana.

Sista hakujivunga. Watu wa kwao hawajivungi. Akasema ni kweli, ahsante, akanyoosha mkono. Akaongeza kwamba alivunja utaratibu kupokea karatasi zisizo za hospitali, na kwamba angeweza kupoteza kazi, tena katika baridi hii.

Hapo muuza vitunguu mmoja, yule wa tatu kupigiwa simu, akamzuia. Akamwambia Sista kwa upendo kabisa kwamba sikio lake zuri lililala miaka miwili kabla ya kuamka. Mimi nilikuwa nimelala sakafuni nimeng'ata kitenge, akasema, na wewe ukaniandikia moja. Mwiko apewe Profesa. Mwanamume aliyesimama hadharani akasema nimeuliza vibaya. Nimeolewa miaka ishirini na miwili nasubiri kumwona mwanamume wa namna hiyo.

Watu wakacheka, hata Gwakisa, kisha akaona mkewe anamtazama akaacha. Lakini mwingine akasema Profesa amekiri kosa lake mwenyewe, na tangu lini mtu akazawadiwa kwa kuzima moto aliouwasha? Mwiko ni wa Tumpe. Tumbo lilikuwa lake, na neno lililowanyamazisha wakubwa lilikuwa lake. Wengi wakaitikia. Tumpe akatikisa kichwa. Akasema naye alisema nzuri siku zote, kama wenzake, na angesema mbaya mwaka wa kwanza wasingefika walikofika. Isitoshe, bila zile kalenda, neno lake lingekuwa la mke mvivu mwenye ulimi mrefu.

Alipozitaja kalenda, watu wakageuka wakatazama mlangoni.

Wanawake wakampa Tumpe ule mwiko. Wakasema, wewe ndiye unayejua, mpe umtakaye.

Mama Gwakisa akasimama, kikombe mkononi. "Mimi msinihesabu," akasema. "Niliandika ili aondoke. Kila alama niliyochora, nilikuwa namchorea njia ya kurudi kwao. Mtu hapewi mwiko kwa hilo."

Akataka kutoka. Tumpe akamwita.

"Mama, ngoja. Sista alinipigia simu kila siku, hakuniona. Profesa alisoma fomu zangu, hakuniona. Gwakisa alikula. Katika miaka ile yote, aliyeniangalia kila siku bila kukosa ni wewe peke yako."

Mama Gwakisa akainamisha kichwa. Tumpe aliushika mwiko kwa mikono yote miwili.

"Lakini uliniona nimeanguka sakafuni. Ukainuka. Kila mara nilidhani unanifuata mimi, na kila mara uliufuata mkaa."

Basi. Mimi hapo ndipo nilipowaacha, Tumpe amesimama katikati ya chumba na mwiko mkononi, chai inapoa. Kuna Profesa aliyeuliza vibaya akakiri. Kuna Sista aliyesikia, ila kwa kuchelewa. Kuna Tumpe aliyeumia, akanyamaza, akasema. Na kuna Mama Gwakisa, aliyeona kila kitu, akaandika ukweli mtupu, kwa nia mbaya. Msiniambie ukatwe vipande. Mwiko ukikatwa unakuwa kuni. Na msinitazame mimi, nimeshabadili mawazo mara tatu tangu nianze kusimulia.

Je, mngekuwa nyinyi, mwiko ule mngempa nani?

Jibuni polepole, hatuna haraka. Na wewe uliyekuwa unacheka tangu mwanzo, ukishajibu hilo, nijibu na hili: jana jioni, kwenu, ugali alisonga nani?